Kulwa na Doto: Kuunganisha Vidhibiti Kasi kwenye Ndege ya Modeli yenye Mota Mbili

Nyaya zilizoungua hazikuwa zile nene. Zilikuwa mbili nyembamba nyeusi, moja kutoka bawa la kushoto na moja kutoka la kulia, zinazokwenda kwenye risiva, kile kipokezi cha ishara za rimoti, kupeleka ishara na mkondo mdogo usiofika hata wa tochi. Plastiki yake ilikuwa imelainika kama ubani uliotafunwa, na mahali ziliposhikana na nyaya nyekundu pameacha doa la kahawia. Nyaya nene za betri, ambazo ndizo hubeba ampea zote, zilikuwa safi na baridi. Nilikaa nusu saa mbele ya meza nikijiuliza umeme umepitaje njia ya panya wakati barabara kuu iko wazi.

Kumbe barabara kuu haikuwa wazi. Kiungo cha waya hasi wa kidhibiti kasi cha kushoto nilikuwa nimekilehemu vibaya: risasi ilikaa juu juu, haikuzama kwenye nyuzi za shaba. Nje kiling'aa, ndani kilikuwa kimeachia. Mota ya kushoto ilipodai umeme wake, mkondo ukakosa pa kurudia, ukaingia kwenye waya mwembamba mweusi wa kushoto hadi kwenye risiva, ukatoka kwa waya mwembamba mweusi wa kulia hadi kwenye kidhibiti cha pili, na hapo ndipo ukaipata njia ya kurudi kwenye betri. Kwa hiyo upande wa kulia, ambao haukuwa na kosa lolote, uliungua kwa ajili ya kosa la kushoto.

Naieleza ajali hii mwanzo kabisa kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mtu aliyezoea ndege ya mota moja halijui. Ukishaweka mota mbili, tatu au nne kwenye ndege moja, vidhibiti vyake havifanyi kazi kila kimoja kivyake. Vimeunganishwa kwa betri upande mmoja na kwa risiva upande mwingine, na hitilafu huzaliwa huku ikaonekana kule. Lakini hali hiyohiyo inakupa zawadi kubwa: karibu na kiungo kinachougua una kiungo cha aina ileile ambacho ni kizima. Unaweza kuvilinganisha, unaweza kuvibadilishana. Ukijifunza kuitumia zawadi hiyo, hutahitaji vipimo vingi vya bei kubwa.

Ndiyo maana kila ndege yangu ya mota mbili ina Kulwa na Doto. Mota ya kushoto ni Kulwa, ya kulia ni Doto, kama wanavyoitwa mapacha kwetu Tanzania. Naandika K na D kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya mota, juu ya kidhibiti, kwenye kila waya wa ishara karibu na risiva, hata kwenye propela. Fanya hivyo kabla hujalehemu chochote. Mtu anayesema "ile mota ya upande huu" hujichanganya mwenyewe ndege ikishageuzwa chali mezani.

Ndege ninayoizungumzia ni Fokker F27 niliyoikata kwenye karatasi ngumu za foamu, nikaipaka rangi za East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977. Fokker halisi ina bawa la mita 29; yangu ni sehemu moja ya ishirini, yaani mita 1 na sentimita 45. Ina mota mbili zisizo na brashi za ukubwa wa 2212, propela za inchi 9, vidhibiti viwili vya ampea 30 na betri moja ya lipo ya seli 3, miliampea-saa 2200. Mota ikiwa kasi kamili hula kama ampea 14, kwa hiyo zote mbili ni ampea 28, na betri hiyo ingekwisha kabla ya dakika 5 endapo hutashusha mwendo. Hesabu hii ifanye mapema, maana ndiyo inayoamua unene wa nyaya na aina ya plagi. Plagi ya XT60 inatosha hapa bila wasiwasi.

Kidhibiti kasi, ambacho madukani utakiona kimeandikwa ESC, kina makundi matatu ya nyaya. Nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, huenda kwenye betri. Nyingine tatu huenda kwenye mota, na hizo hazina chanya wala hasi; ukitaka mota izunguke kinyume, badilishana mbili zozote kati ya hizo tatu. Kundi la mwisho ni mkanda wa nyaya tatu nyembamba unaokwenda kwenye risiva: mweusi au wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, na mweupe, wa njano au wa chungwa ni wa ishara. Kwenye huo wa ishara hupita mapigo ya umeme, kwa kawaida 50 kila sekunde. Pigo la urefu wa maikrosekunde 1000 humaanisha simama, la 2000 humaanisha kasi kamili.

Sasa tuje kwenye waya mwekundu mwembamba, kwa maana hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Vidhibiti vingi vina saketi ndani yake inayopunguza volti za betri hadi 5 ili kuilisha risiva na servo, zile mota ndogo zinazosogeza usukani. Kwenye kasha huandikwa BEC. Ndege ya mota moja inaihitaji na inaishukuru. Ndege ya mota mbili ukiichomeka ilivyo, unakuwa na walishaji wawili wanaosukuma umeme kwenye risiva moja. Mmoja anatoa volti 5.05, mwenzake 4.95. Yule wa juu kidogo hubeba karibu mzigo wote, wa chini hukaa tu, na kwa saketi za aina ya kuwasha na kuzima kwa haraka, hizo za kisasa, kila moja huhangaika kurekebisha volti zilizokwisha kuwekwa na nyingine. Zipo saketi za aina ya zamani, zinazochoma ziada kuwa joto, ambazo baadhi ya watengenezaji huruhusu ziunganishwe pamoja. Mimi sitegemei ruhusa hiyo. Naacha mlishaji mmoja tu.

Kumwondoa wa pili hakuhitaji kukata waya. Chukua pini au ncha ya kisu kidogo, tazama ubavu wa plagi nyeusi ya risiva: utaona vilimi vitatu vya plastiki. Inua taratibu kilimi kilicho juu ya waya mwekundu, uvute waya kwa nyuma, utatoka na kichwa chake cha chuma kikiwa kizima. Ukunje urudi nyuma, uvishe kimirija cha plastiki kinachosinyaa kikipashwa moto, basi. Siku ukikihamishia kidhibiti hicho kwenye ndege nyingine, unaurudisha mahali pake kwa sekunde chache.

Waya mweusi usiuguse kamwe. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa betri ni moja, hasi tayari imeungana kwenye nyaya nene, basi mweusi mwembamba ni wa ziada. Si wa ziada. Ishara hupimwa dhidi ya huo mweusi. Ukiutoa, ishara hulazimika kuzunguka kupitia nyaya nene zenye kelele ya mota, na kidhibiti huanza kusikia vitu ambavyo risiva haikusema. Kama unatumia betri mbili tofauti, moja kwa kila mota, bila huo mweusi upande mmoja hautasikia kitu kabisa. Kuungua kwa nyaya zangu hakukuwa kosa la waya mweusi kuwepo. Kosa lilikuwa kiungo kibovu cha hasi.

Kuna tofauti moja ya kuiangalia. Vidhibiti vilivyoandikwa OPTO havina mlishaji ndani, na kwa vingi vyake waya mwekundu hauna kazi. Lakini vile vya OPTO ya kweli hutenganisha ishara kwa mwanga, na kile kijitaa cha ndani hupata umeme kutoka kwenye risiva kwa huohuo waya mwekundu. Ukiutoa, kidhibiti kinakuwa kiziwi. Soma karatasi iliyokuja nacho kabla ya kuchomoa.

Je, mlishaji mmoja aliyebaki anatosha? Piga hesabu ya joto. Betri ya seli 3 iliyojaa ina volti 12.6. Kama saketi ni ya kuchoma ziada, na servo zinavuta ampea 1, basi volti 7.6 zinageuka joto: wati 7.6 ndani ya kitu chenye ukubwa wa kiberiti, kilichofungiwa ndani ya foamu. Servo zikivuta ampea 2 ni wati 15. Fokker yangu ina servo tano, na kwenye kona kali zote hufanya kazi kwa pamoja. Nilikwisha kuamua: natoa nyaya nyekundu za vidhibiti vyote viwili na kuweka mlishaji wa pembeni, kile kisanduku kidogo kinachouzwa peke yake, kilichochomekwa moja kwa moja kwenye betri. Faida yake si joto tu. Kidhibiti chochote kikifa hewani, risiva inabaki hai, na usukani bado uko mikononi mwako. Kwa ndege ya mota nne nisingefikiria njia nyingine.

Upande wa nyaya nene, tatizo ni urefu. Bawa ni refu, betri iko kwenye tumbo la ndege, mota ziko mbali. Lazima kitu kirefushwe. Swali ni kurefusha wapi: kati ya betri na kidhibiti, au kati ya kidhibiti na mota? Fikiria bomba la maji. Ukifunga koki ghafla, maji yaliyokuwa mwendoni hugonga bomba. Kidhibiti hufungua na kufunga mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na waya mrefu wa betri ni bomba refu: kila kinapofunga, volti hupanda kwa kishindo kuliko za betri. Kapasita zilizo mdomoni mwa kidhibiti ndizo hupokea vishindo hivyo. Waya ukizidi urefu waliokusudia watengenezaji, kapasita huchemka, huvimba, na mwishowe kidhibiti hufa bila kutoa taarifa. Nyaya za mota hazina shida hiyo kwa kiwango hicho. Kwa hiyo ukiweza, weka vidhibiti karibu na betri, refusha zile tatu za mota.

Mimi sikuweza, kwa sababu nilitaka vidhibiti vikae nyuma ya mota kwenye upepo. Basi niliongeza kapasita. Kanuni inayotumika sana ni maikrofaradi 220 kwa kila sentimita 10 ulizoongeza, za aina ya ukinzani mdogo, zenye volti zinazozidi za betri. Kwa seli 3 chukua za volti 25. Zilehemu sambamba na nyaya za betri, karibu kabisa na kidhibiti, na uangalie mstari wa hasi uliochapwa ubavuni mwake. Ukizigeuza, zitapasuka.

Na mashimo ya hewa usiyasahau. Pa kuingilia hewa watu hupakumbuka kwa kuwa pako mbele. Pa kutokea ndipo panaposahaulika, na panatakiwa pawe papana kuliko pa kuingilia. Vidhibiti vingi hupunguza nguvu vyenyewe vikikaribia nyuzi 110 za selsiasi, na Kulwa akipunguza nguvu peke yake, ndege huvuta upande.

Kazi ya kulehemu imekwisha, nyaya zimevishwa, sasa unataka kuchomeka betri kwa mara ya kwanza. Subiri. Fundi mmoja wa redio wa mtaani kwetu alinikuta siku moja nikiwa nimeishika plagi na jicho nimelifumba nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona unachomeka kama unaingiza mkono shimoni? Weka balbu."

Akanitolea balbu ya indiketa ya bodaboda. Ni volti 12, wati 21, nyaya mbili zimelehemiwa kwenye kitako chake. Ukiiweka mfululizo kwenye njia ya chanya kati ya betri na ndege, haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi. Kama kila kitu ni sawa, ukichomeka balbu humulika kidogo kapasita zinapojaa, kisha huzimika au hubaki na wekundu hafifu. Kama umegusisha chanya na hasi mahali fulani, balbu itawaka kwa nguvu na kubaki inawaka, na hakuna kitakachoungua. Chomoa, tafuta kosa, rudia. Usijaribu kuzungusha mota kupitia balbu. Hiyo ni ya kuchomeka mara ya kwanza tu. Tangu siku ile sijaunganisha ndege yoyote mpya bila balbu ya bodaboda.

Baada ya hapo ni kuvifundisha vidhibiti urefu wa mwendo wa kijiti cha kasi cha rimoti yako. Toa propela zote kwanza. Nasema zote, hata kama unaamini rimoti yako kama unavyomwamini mama yako. Propela ya inchi 9 hukata vidole. Vidhibiti vifundishwe kwa pamoja, si kimoja leo kingine kesho. Kama kila kimoja kiko kwenye chaneli yake, hakikisha kwanza kwamba chaneli hizo mbili zina mwanzo na mwisho uleule kwenye rimoti. Washa rimoti, pandisha kijiti hadi juu kabisa, chomeka betri, sikiliza milio miwili, teremsha kijiti hadi chini, ngoja milio ya kuthibitisha. Ndivyo ilivyo kwa vidhibiti vingi. Vyako vikiwa na utaratibu mwingine, karatasi yake itasema. Ukimaliza, pandisha kijiti polepole mno na uangalie mota zote mbili. Zinapaswa kuamka pamoja. Doto akiamka akiwa nyuma ya Kulwa, rudia.

Wakati ukiwa hapo, linganisha pia mipangilio mingine: breki, muda wa kuwasha koili, aina ya betri, mahali pa kukata nguvu. Breki husahaulika sana. Kidhibiti kimoja kikiwa na breki na kingine hakina, ukipunguza mwendo kwa kutua propela moja husimama na nyingine huendelea kuzungushwa na upepo, na ndege itageuza pua ukiwa karibu na ardhi, mahali pabaya kuliko pote.

Na sasa hitilafu zenyewe.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba milio unayoisikia haitoki kwenye kidhibiti. Inatoka kwenye mota. Koili zake ndizo spika. Hilo peke yake linakusaidia mno. Upande ukiwa kimya kabisa, ama kidhibiti hakipati umeme, ama nyaya za mota zimeachia. Upande ukilia mara moja kila baada ya kama sekunde mbili bila kukoma, kwa vidhibiti vingi maana yake ni kwamba kidhibiti kina umeme lakini hakisikii ishara: waya mweupe, plagi iliyogeuzwa, au chaneli isiyo yake. Milio ya haraka haraka isiyokatika husema kijiti hakiko chini. Jifunze kusikiliza kabla ya kuchukua mita.

Jambo la pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Badilishana kitu kimoja, kimoja tu, kisha jaribu. Tuseme Doto anatetemeka kwenda na kurudi bila kuzunguka, akitoa sauti ya kukwaruza. Hiyo ni dalili ya waya mmoja kati ya nyaya tatu za mota kukosa mgusano, au koili iliyokatika, au swichi moja ndani ya kidhibiti iliyokufa. Ni magonjwa matatu yenye dalili moja. Usifungue foamu yote. Chukua nyaya za mota ya Doto uzichomeke kwenye kidhibiti cha Kulwa, ukirefusha kwa vipande vya waya ikibidi. Mota ya Doto ikizunguka vizuri, mota ni nzima na kosa liko kwenye kidhibiti cha Doto au viungo vyake. Ikitetemeka hata kwa Kulwa, basi ugonjwa umeifuata mota. Kwa jaribio hilo moja umeshaondoa nusu ya mashaka. Mtu anayebadilisha kidhibiti, mota na plagi kwa pamoja anaweza kuponya ndege, lakini hajui alichoponya, na kile kibovu kinarudi kwenye sanduku la vipuri kumsubiri.

Ishara nayo inapimwa hivyohivyo. Badilishana plagi mbili kwenye risiva. Kosa likihama upande, lilikuwa kwenye chaneli au rimoti. Likibaki, teremka kwenye bawa.

Mota unaweza kuipima kwa mikono mitupu. Ichomoe kwenye kidhibiti, zungusha kwa vidole: inateleza, na unasikia tu mishtuko midogo ya sumaku. Sasa gusanisha ncha zote tatu za nyaya zake pamoja, zungusha tena. Itakuwa nzito, kama inazunguka ndani ya asali, na uzito uwe sawa mzunguko mzima. Fanya vivyo hivyo kwa pacha wake. Mmoja akiwa mwepesi kuliko mwenzake, au akiwa na uzito wa kushtukashtuka, umempata mgonjwa. Mota iliyo nzito hata kabla ya kugusanisha nyaya, bila beringi kuharibika, ina koili zilizogusana ndani.

Kwa kidhibiti, mita ya kawaida ya fundi redio inatosha. Betri ichomolewe, na mota pia ichomolewe, maana koili za mota huzifanya nyaya tatu kuwa kitu kimoja na kukudanganya. Geuza mita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu iweke kwenye waya mnene mweusi wa betri, ncha nyeusi iguse waya wa kwanza wa mota, wa pili, wa tatu. Utasoma karibu 0.4 hadi 0.6. Namba yenyewe si muhimu sana. Muhimu ni zilingane. Kisha ncha nyeusi kwenye waya mnene mwekundu, nyekundu ipite kwenye zile tatu. Ukikuta 0.52, 0.52 na 0.00, swichi ya waya huo imeungua na hakuna kulehemu kutakakokisaidia kidhibiti hicho. Hapo utafurahi kama ulinunua vitatu vya aina moja badala ya viwili. Kukiweka cha aina nyingine upande mmoja ni kuanzisha tofauti ya mwendo ambayo utaifukuza kila wiki.

Kuna kosa lisiloonekana mezani: mota zote zinazunguka, zote zinaamka pamoja, lakini moja ina kasi zaidi kidogo kuliko nyingine. Kwa hili tumia masikio. Propela zikiwa zimerudishwa, mtu mwingine akiwa ameishika ndege kwa nyuma na kwa nguvu, pandisha kijiti hadi nusu ya kasi. Mota mbili zenye mwendo tofauti hutoa sauti inayopanda na kushuka, vuu, vuu, vuu, kama ngoma inayopigwa mbali. Mapigo yakiwa ya haraka, tofauti ni kubwa. Yakiwa ya polepole mno, au yakitoweka kabisa, mapacha wanakwenda sawa. Nilipokuwa na chaneli mbili tofauti niliweza kumpunguza Kulwa kidogo kwa rimoti hadi ile ngoma ikanyamaza. Lakini kabla ya kuficha tofauti kwa rimoti, kagua propela. Propela iliyokatika ncha kidogo, au ya aina nyingine yenye mwinamo tofauti, hufanya hivyohivyo, na kuifidia kwa rimoti ni kupaka rangi juu ya kutu.

Hitilafu ya hewani ambayo haijirudii mezani mara nyingi ni ya kukata nguvu kwa sababu ya volti. Kila kidhibiti hupima betri kivyake, na kikiona seli inakaribia volti 3, hupunguza au hukata mota ili kuilinda. Vidhibiti viwili havipimi sawa hadi tarakimu ya mwisho, kwa hiyo kimoja hukata kabla ya kingine. Kwa betri mbili tofauti, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna betri mbili zinazokwisha kwa dakika moja. Weka mipangilio ya kupunguza polepole, si ya kukata ghafla, kisha usiitegemee: weka saa ya rimoti ikuite utue betri ikiwa bado na robo yake. Mimi saa yangu ya Fokker iko kwenye dakika 6, kwa kuwa nairusha kwa kasi ya nusu muda mwingi.

Kabla hujaenda uwanjani, ulizia masharti ya kurusha kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na yaheshimu. Jaribu pia kuzima rimoti ndege ikiwa imefungwa chini na propela zimetolewa. Mota zote mbili lazima zisimame. Ikisimama moja, usirushe.

Na siku mota moja ikizimika hewani, itakuja siku hiyo, mkono utataka kuongeza mwendo. Uuzuie. Ukiongeza, mota iliyo hai itaizungusha ndege upande wa iliyokufa, bawa litashuka, na kwa mwendo mdogo hutakuwa na usukani wa kuirudisha. Shusha kijiti hadi chini kwanza, ndege irudi kuwa sawa, inamisha pua kidogo, telezea kwenye majani. Foamu iliyopasuka huungwa kwa gundi jioni hiyohiyo.

Ukiifikia hapo ilipolala, chomoa betri, kisha usiguse kingine chochote. Usirudishe plagi iliyochomoka, usinyooshe waya uliopinda. Toa simu, piga picha kila kiungo jinsi kilivyo, K na D zikionekana. Halafu shika kila waya mwembamba mweusi kati ya vidole viwili, toka kwenye risiva hadi kwenye bawa, uone kama kuna mahali una joto.